Jibu Nililompa Dada Yako

Adhiambo nyara, binti yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Wewe nimekuona asubuhi ukinywa uji ukiwa umesimama, najua hujambo. Mimi si mzima, na sijakuwa mzima tangu mwaka ulipozaliwa. Hilo ndilo nimekaa kukuandikia.

Umeenda Kondele kusukwa, na kwa nywele zako zilivyo nyingi nina mchana mzima. Kesho asubuhi watu wa mume wako watakuja kukuchukua kwenda Bondo. Mambo ya kupika, kuamka mapema na kumpokea mama mkwe mzigo utaambiwa na shangazi zako mpaka masikio yakuume. Wao wanapenda kufundisha, waache wafundishe. Mimi nina jambo moja tu, na wao wote wanalijua na hakuna atakayekuambia.

Utashangaa kwa nini naandika Kiswahili wakati mimi na wewe tunaongea Kijaluo tangu uanze kuongea. Nimejaribu. Nilikaa hapa na karatasi, na kila nilipoandika neno la Kijaluo la sehemu ile ya mwili, mkono ulikataa. Kwa lugha yetu maneno hayo tunayatumia tukitukana. Kiswahili nilikijulia kliniki na mlangoni pa kiwanda cha samaki, kati ya watu wasio wa kwetu, na nimekuwa karani wa akina mama kanisani miaka mingi, kwa hiyo ndani yake naweza kusema kitu bila kujifunika uso. Basi nasema. Mimi kizazi changu kilishuka. Kilitoka nje. Bibi yako, mama yangu, alikuwa hivyo pia. Na dada yako Atieno yuko hivyo.

Pumzika kidogo hapo ukitaka. Mimi nimepumzika.

Nianze na bibi yako, Dani, kwa sababu wewe hukumjua na yote uliyoambiwa juu yake ni uongo wangu. Aliolewa mke wa tatu huko Kano, karibu na Ahero. Unajua desturi yetu ya kupanda: mke mkubwa ndiye anayetia mbegu ya kwanza, wadogo wanafuata. Mwaka mmoja mvua ilikuja mapema na mke mkubwa alikuwa amekwenda matanga kwao. Dani alingoja siku, akangoja wiki, akaona udongo unakauka, akapanda mtama wake. Mwaka uliofuata alijifungua mdogo wangu Owino, na baada ya hapo kizazi kikashuka. Boma zima likapata la kusema. Ni chira, wakasema, amevunja mwiko na mwiko umemrudi. Hakuna aliyeuliza kwa nini dada yake mwenyewe, aliyeolewa Nyakach na hakuwahi kumtangulia mtu shambani, alikuwa na ugonjwa huo huo. Nilikuwa na miaka saba au minane. Nilimwona mama yangu akitembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja, na wake wenzake wakishika pua kwa kujifanya wakati hakukuwa na harufu yoyote. Nami nilishika pua. Nakuambia ukweli, nilishika.

Nilikua nikimchukia kwa ule mtama. Niliona ametuaibisha kwa kukosa subira ya siku chache. Nilipoolewa na baba yenu, karani wa reli, nikaja kuishi mjini Kisumu, nilishukuru Mungu kwamba hapa hakuna shamba la kunitega.

Nilimzaa Atieno, nikamzaa marehemu kaka yenu, nikakuzaa wewe. Wewe ulikuwa mkubwa na ulichukua siku mbili kutoka. Usije ukaanza kujilaumu, maana najua moyo wako. Ilikuja baada yako lakini hukuileta wewe. Siku ya kumi na nne nilikuwa nachota maji bombani, nikainua ndoo, nikasikia kitu kikiteremka. Nilisimama pale na maji yakinimwagikia miguuni na nikajua mara moja ni nini. Nilikiona kwa mama yangu tangu utotoni, ningekosaje kukijua?

Wiki hiyo hiyo Dani alikuja. Alipanda basi kutoka Ahero akiwa na kuku na unga wa wimbi, kuja kumwona mtoto. Aliniona nikikaa upande, akaelewa. Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akasema, "Nyara, hata mama yangu alikuwa hivi. Keti nikuambie."

Hebu soma hapo tena. Hata mama yake. Mwanamke yule alisafiri na siri ya watu watatu mdomoni, na alikuwa anafungua mdomo. Kama ningeketi, ningejua tangu siku ile kwamba mtama haukuhusika, kwa sababu mama yake Dani alikuwa mke mkubwa, hakuwa na mtu wa kumtangulia. Lakini mimi nilimwambia, "Usiniletee chira yako ndani ya nyumba hii." Nilisema kwa sauti ili baba yenu asikie kwamba ugonjwa umetoka upande ule na sikuutaka. Dani alichukua kitambaa chake, akakubusu kichwani, akaondoka jioni hiyo hiyo. Hakurudi tena Kisumu. Alikufa mwaka ambao mto Nyando ulifurika mpaka tukashindwa kufika kuzika kwa wakati, na watu wakasema hata mto umemkataa.

Baba yenu alihamia kitanda cha sebuleni na hakuuliza lolote mpaka anakufa. Mimi nilikunywa manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira. Nilikaa juu ya sufuria za mizizi iliyochemshwa, nikifukizwa kama samaki, kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mganga aliniuliza nimevunja mwiko gani, na kwa kuwa sikuwa na wangu nilimtaja mama yangu. Nilimtaja mara nyingi sana. Kitu chenyewe kilikaa pale pale kilipokuwa.

Sasa nifike kwa Atieno. Hapa ndipo mkono unakuwa mzito.

Wewe ulikuwa msichana wa shule alipoolewa. Wakati ule viwanda vya samaki vilikuwa vimeanza kukata mbuta vipande vya kupeleka Ulaya na kutuachia mifupa, ule mgongo wazi, nami nilikuwa nabeba magunia yake. Jagam, yule anayepeleka maneno kati ya nyumba mbili kabla ya ndoa, alikuwa mama mmoja mnene mwenye macho makali. Alikaa kwenye kiti hicho unachokalia wewe ukisoma. Aliuliza kama kwetu kuna wakimbiaji usiku, wale wachawi wa gizani, kama kuna kifafa, kama kuna ukoma. Nilijibu hakuna, na ilikuwa kweli. Kisha akauliza, "Na wanawake wenu, mimba na uzazi, hakuna shida?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Kwetu wanawake wanazaa asubuhi na jioni wako shambani."

Alipenda jibu hilo. Alilirudia kwa watu wake mpaka likawa sifa ya dada yako kabla hajafika. Sasa fikiria: alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko ufuoni mwa ziwa alikoolewa, walimngojea jioni yake shambani. Wiki ya tatu alikuwa na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, mbichi, linalovuja maji, kutoka mtumbwini mpaka kwenye nyavu za kuanikia. Kizazi kikashuka huko huko njiani.

Watu wale si wabaya kuliko sisi. Walifikiri kama tulivyofikiri. Tofauti ni kwamba Atieno hakuwa amemtangulia mtu kupanda, kwa hiyo wakatafuta mwiko mwingine, na kwa mwanamke mchanga mwiko hauko mbali. Wakasema alilala na mwanamume mwingine akiwa na mimba, ndiyo maana uzazi umemharibu. Ataje jina, mitishamba ichemshwe, mtoto asife. Walimketisha siku tatu. Mama mkwe wake, shemeji zake, wakunga wawili wazee. Hawakumpiga. Walikuwa wanauliza tu, kwa zamu, "Taja jina, mwanamke. Unataka mtoto akufe?"

Atieno akaomba niitwe. Nilifika mchana. Alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, kifua kimejaa maziwa, na walikuwa wamemchukua mtoto kwa sababu wanasema maziwa ya chira yanaua. Wanawake walijaa chumba kizima. Aliponiona uso wake ulifunguka. Mpaka leo nauona ulivyofunguka.

Akaniuliza mbele yao wote, "Mama, hii kitu haikukushika wewe pia? Wewe ukizaa Adhiambo? Nakumbuka ulikuwa unaumwa. Waambie."

Alikumbuka. Alikuwa mtoto mdogo lakini aliniona bombani. Neno alilotaka kutoka kwangu lilikuwa moja na fupi. Kama ningesema ndiyo, ni yetu, ilikuwa ya bibi yake na ni yangu, wale wakunga wangetikisa kichwa na kumrudishia mtoto wake. Labda wangeidharau nyumba yetu. Labda wangemdharau yeye kidogo. Lakini hakuna mtu angemtafutia mwanamume.

Nilitazama wale wanawake. Yule jagam alikuwa mlangoni. Na nikakufikiria wewe, Adhiambo. Nilifikiri, mabinti ninao wawili, mmoja ameshaingia shimoni, nikisema ndiyo nasukuma na wa pili, maana nani ataoa nyumba hiyo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sasa najua kwamba sehemu kubwa ilikuwa aibu yangu mwenyewe, na wewe nilikutafuta kama kisingizio. Ulikuwa karibu.

Nikasema, "Hapana, nyara. Mimi hiyo kitu sijui. Nilikuwa na malaria."

Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma saini ambayo haielewi. Nilipanda gari la mchana nikarudi. Kesho yake akataja mwanamume. Fundi wa baiskeli anaitwa Ouma, alisema, alipita mara moja akaenda zake. Hakukuwa na fundi wa baiskeli. Katika kijiji kile baiskeli zilikuwa mbili na wenyewe walijitengenezea. Alitunga mtu asiyekuwepo ili asipigwe mtu yeyote na ili wamwachie mtoto anyonye. Walimwachia mwezi mmoja. Kisha wakamrudisha kwetu na nguo zake kwenye mfuko, na mtoto akabaki, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

Ulimwona aliporudi. Ukaniuliza amefanya nini, nami nikakuambia mambo ya ndoa ni mazito, utayajua ukikua. Umekua.

Hakukaa na mimi wiki mbili. Alienda Obunga, na huko ndiko yuko, anakaanga mgongo wazi kando ya barabara. Wewe unamtembelea na mimi najifanya sijui. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba ni yeye peke yake katika wanawake wa kwetu aliyefanywa hivi. Alikuwa akitafuta kosa lake mwenyewe, kama mimi nilivyotafuta langu.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kiwanda, mkojo ulikuwa umekataa kutoka tangu asubuhi, nikaanguka. Aliyeninyanyua ni Mama Njeri, yule wa kutoka Murang'a tunayebeba naye magunia. Alinipeleka hospitali bila kuniuliza kama nataka. Njiani alisema, "Mimi nimezaa saba na hiki gunia nabeba kama wewe, lakini hiyo sijawahi kuona kwangu wala kwa mama yangu. Wewe ni nini ulifanya?" Hakuwa na ubaya. Lakini swali lake liliniingia, kwa sababu ilikuwa kweli. Mizigo sawa, watoto zaidi, na yeye alikuwa imara kama jiwe la kusagia.

Daktari alikuwa kijana. Alinipima, kisha akanishika mkono, akarudisha kidole gumba changu nyuma mpaka kikagusa kigasha. Unajua vidole vyetu. Vyako ndivyo hivyo, watoto wa kwaya wanakuomba uvikunje nyuma ili wapige kelele. Akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye mshipa, yaani ngiri. Nikamwambia Owino amepasuliwa mara mbili. Akauliza, "Na mama yako alikuwa na shida hii? Dada? Mabinti?"

Nikasema hapana. Lilitoka lenyewe, nimelizoea. Kisha nikaanza kulia na sikuweza kunyamaza, na yeye akaweka kalamu chini akangoja.

Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema. "Mama, hii si laana na si kosa. Ndani ya mwili kuna nyuzi zinazoshikilia kizazi mahali pake. Kuna familia wanazaliwa nazo laini, zinavutika. Kuzaa mtoto mkubwa, kubeba mzigo mapema, hayo yanaongeza, lakini wengine wanafanya yote hayo na hawapati kitu. Nyinyi iko kwa damu. Si kila binti yako atapata. Lakini wako wana hatari zaidi kuliko wa jirani, na wakijua mapema wanaweza kujilinda." Alinipa pete ya mpira ya kuwekwa ndani kushikilia. Dakika chache tu. Miaka kumi na minane ya kutembea upande, na pete ya mpira.

Nilitoka pale nikiwa na ukweli mkononi. Obunga ni karibu, ningefika kwa miguu. Sikwenda. Wewe ulikuwa umemaliza shule na watu walikuwa wameanza kuuliza habari zako. Nikasema, aolewe kwanza. Na juzi juzi alipokuja jagam wako, akaniuliza lile swali, nikacheka, nikampa jibu lile lile neno kwa neno. Ulikuwa jikoni unachemsha chai. Ulinisikia.

Sitakuambia uishi vipi. Mtu aliyeharibu kama mimi hana mdomo wa kufundisha. Nakuambia tu kilicho ndani yako, kwa sababu ni chako. Ukishika mimba, mwambie nesi kwamba mama yako, bibi yako na dada yako wako hivi. Mwambie kwa lugha yoyote itakayokutoka. Na ukiwahi kuhisi kitu kinateremka, usikae hata siku moja ukijichunguza umekosea wapi.

Jana nilikwenda Obunga. Nilimkuta anageuza samaki kwenye mafuta. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti: Dani, bombani, daktari, malaria isiyokuwepo. Aliendelea kugeuza samaki. Alipomaliza karai zima aliniuliza kitu kimoja.

"Adhiambo anajua?"

Nikasema bado.

"Anaolewa kesho kutwa na hajui?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi usirudi hapa," akasema. "Mpaka ajue, na mpaka wale watu wajue."

Kwa hiyo kesho, watu wa mume wako watakapofika, shangazi zako watakuwepo na kwaya itakuwepo, mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimeondoka na gari la kwanza kwenda ufuoni, kwa waliokuwa wakwe wa Atieno. Nitawaambia mbele ya wale wakunga, wakiwa bado hai, kwamba hakukuwa na mwanamume. Nitaingia nyumbani kwao na nitasema ni yetu. Kutoka pale mpaka Bondo si mbali na unajua maneno yanavyokimbia. Kufikia jioni mume wako atakuwa amesikia, na jagam wako atakuwa amepandisha sauti. Inawezekana nikaharibu ndoa yako siku ya kwanza. Ningeweza kungoja mwezi mmoja, na nimejiambia hivyo tangu jana, na nimeitambua hiyo sauti. Ni ile ile.

Ndiyo maana nakupa barua hii leo ukirudi kusukwa, uwe na saa chache za kuamua ukiwa kwako. Ukitaka kumwonyesha mume wako, mwonyeshe yote. Ukitaka kwenda, nenda ukiwa unajua. Ukitaka kubaki, baki, nami nitawaambia watu ni kosa langu, na safari hii litakuwa kweli. Ukinichukia, sitakuomba uache.

Lakini usinizuie kwenda. Mtoto wa dada yako ana miaka saba sasa. Anachunga ng'ombe wa babu yake, na amelelewa akiambiwa kwamba mama yake alimwacha kwa ajili ya fundi wa baiskeli. Nataka anitazame vizuri, na asikie kutoka kinywani mwangu kwamba aliyedanganya ni bibi yake.

Ni mimi,
mama yako, na mama yake Atieno.